Nimeokoka miaka sita, mbona nyumbani bado ni yule yule?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mimi ni baba wa watoto watatu, huu ni mwaka wa sita tangu niokoke. Pombe niliacha siku ile ile na sijaigusa tena, namshukuru Mungu. Kanisani ni kiongozi wa maombi, jioni tatu kwa wiki niko huko. Shida iko nyumbani. Nina hasira mbaya, nafoka, natukana mpaka watoto wananikwepa, mke wangu sijawahi kumpiga ila nimeshavunja vitu. Alafu kuna deni nimelificha, hajui. Juzi kaniambia afadhali ulipokuwa unakunywa, maana ulikuwa ukirudi unalala. Nimeombewa mara nyingi kuhusu roho ya hasira, inatulia siku kadhaa inarudi. Biblia inasema ya kale yamepita, mbona yangu hayajapita, au sikuokoka? Kuna mtumishi kanishauri nibatizwe upya. Naomba msaada.

JIBU: Amina ndugu yangu, asifiwe sana. Kwanza asante kwa kuandika bila kujipamba, wengi wakiniandikia wanasema "kuna rafiki yangu ana tatizo", wewe umesema ni mimi. Sasa kwenye swali lako lote kuna maneno yamenishika kuliko mengine na wala sio ya kwako, ni ya mkeo. Wewe umeyaleta kama tusi hivi, kama mke asiyethamini kwamba mume ameacha pombe, ila mimi nikiyasoma naona huyo mama ndio mtu pekee kwenye hii habari anayekupa ripoti ya kweli kuhusu hali yako ya kiroho. Nitayarudia hayo maneno, ngoja kwanza tumalizane na hofu yako ya kwamba labda hukuokoka.

Huo mstari unaokutesa ni 2 Wakorintho 5:17, "mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya, ya kale yamepita". Watu wanaunukuu kama vile Paulo alikuwa anawaandikia malaika. Hebu fikiria aliwaandikia kina nani. Hawa ni watu wa Korintho, kanisa ambalo kwenye barua ya kwanza walikuwa wanapelekana mahakamani wenyewe kwa wenyewe (sura ya 6), kwenye meza ya Bwana mmoja ana njaa mwingine amelewa (sura ya 11), na kuna mtu anaishi na mke wa baba yake na kanisa limekaa kimya tu (sura ya 5). Alafu cha ajabu, kwenye barua hiyo hiyo ya pili yenye mstari wa kiumbe kipya, ukienda mbele mpaka sura ya 12:20 Paulo anasema anaogopa akija atawakuta na ugomvi, wivu na ghadhabu. Ghadhabu ndugu yangu! Barua moja, watu wale wale. Kwa hiyo Paulo hakuona kwamba kuwa kiumbe kipya na kuwa na kazi kubwa ya kubadilika ni vitu vinavyopingana, aliwaambia hivi ndivyo mlivyo kwa Mungu, na papo hapo akawabana vizuri kabisa kuhusu mwenendo wao.

Ukitaka mwingine mtazame Petro. Huyu alijazwa Roho Mtakatifu siku ya Pentekoste, akahubiri, wakaongezeka watu kama elfu tatu. Miaka ikapita, akafika Antiokia, alikuwa anakula na watu wa mataifa vizuri tu, walipokuja watu fulani kutoka kwa Yakobo akajitenga kwa kuwaogopa (Wagalatia 2:11-14). Woga ule ule uliomfanya amkane Bwana mbele ya kijakazi. Ulikuwa bado upo, umebadilisha nguo tu. Na Paulo akampinga mbele ya watu wote, hakumwambia hukuokoka, alimwambia hauenendi sawasawa na kweli ya Injili.

Kwa hiyo mimi sitakuambia hukuokoka, na pia sitakuambia "usijali umeokoka", maana sikuoni na sio kazi yangu kumgawia mtu uhakika kwa meseji. Ila nitakuambia kitu ninachokiangalia nikikaa na mtu mwenye swali kama lako. Naangalia akionyeshwa kosa anafanyaje. Sauli na Daudi wote walikosea na wote walifuatwa na nabii. Sauli alipoulizwa na Samweli, kwanza akasema amelitimiza agizo, akabanwa, akasema ni watu ndio waliochukua wanyama, akabanwa zaidi, akakubali nimekosa, lakini hapo hapo akaomba aheshimiwe mbele ya wazee wa watu wake (1 Samweli 15). Yaani hata toba yake ilikuwa inatafuta heshima. Daudi dhambi yake ukiiangalia kwa macho ya kibinadamu ni mbaya zaidi, amelala na mke wa mtu na kumuua mwenye mke, ila Nathani alipomwambia "wewe ndiwe mtu huyo" jibu lake lilikuwa fupi, nimemfanyia Bwana dhambi. Hakuna lakini. Sasa mkeo amekuambia neno zito juzi. Ulimjibuje? Hukuandika hiyo sehemu, na mimi nadhani jibu la "niliokoka au sikuokoka" utalipata mapema zaidi hapo kuliko kwenye kukumbuka ile siku uliyoongozwa sala ya toba.

Haya tuje kwenye kwa nini pombe iliondoka siku moja na hasira imegoma. Mungu anaweza kukata kitu mara moja, kwako alikata pombe, mtukuze. Lakini pombe ina faida moja, inaonekana. Ukilewa mtaa mzima unajua, ukiacha mtaa mzima unajua, kanisa linapiga makofi, unapewa nafasi ya kushuhudia. Hasira yako hakuna anayeiona isipokuwa watu wanne walio ndani ya nyumba yako, na hakuna anayekupigia makofi ukiinyamazisha. Unakuta mtu anaendelea haraka sana kwenye zile dhambi ambazo kanisa lake linaziona aibu, na anakaa miaka kumi palepale kwenye zile ambazo kanisa linazichekea au halizioni kabisa. Baba kufoka nyumbani kwa wengi wetu sio dhambi, ni "mzee ana msimamo".

Kuna mtu mmoja kwenye historia huwa namkumbuka sana nikifika hapa, John Newton, Mwingereza, baharia. Mwaka 1748 meli yake ilipigwa na dhoruba karibu izame, akamlilia Mungu, na mwenyewe aliihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa kumgeukia Mungu maisha yake yote. Akaacha kukufuru na matusi, akaanza kusoma Biblia na kuomba. Sasa sikiliza, baada ya hapo akawa nahodha wa meli za watumwa. Nahodha! Anaomba huku juu, chini kwenye meli kuna watu wamefungwa minyororo. Alikuja kuacha kazi ya bahari mwaka 1754 na chanzo kilikuwa kuugua, sio dhamiri. Mwaka 1764 akawa mchungaji. Na ilikuwa mwaka 1788 ndipo alipochapisha maandishi yake ya kuipinga biashara ile wazi wazi, akakiri kwamba moyo wake unatetemeka akikumbuka kwamba aliwahi kushiriki. Hesabu mwenyewe, kutoka dhoruba mpaka maandishi ni miaka arobaini. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuipiga marufuku hiyo biashara mwaka 1807 na yeye akafa Desemba mwaka huo huo.

Sijakupa hii habari ili upate ruhusa ya kusubiri miaka arobaini, tafadhali, nimekupa uone kitu kimoja. Ungeenda siku ile kwenye meli ukauliza je huyu nahodha amebadilika, mabaharia wangekuambia ndiyo, siku hizi hatukani. Wale waliofungwa kule chini wangekupa jibu tofauti, na wao ndio walikuwa sahihi, na walilijua miaka mingi kabla yake. Anayeumizwa na dhambi yako huwa anaiona kabla yako. Ndio maana nasema maneno ya mkeo ni ya thamani kuliko ushuhuda wowote watakaoutoa wenzako wa maombi juu yako. Wao wanakujua kwa jioni tatu, ukiwa umevaa vizuri na sauti ya upole. Yeye anakujua ukirudi.

Sasa mabadiliko yanatokeaje. Warumi 12:1-2 tunapenda kuanzia mstari wa pili, "mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu", tunaruka wa kwanza unaosema itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai. Paulo ametumia sura kumi na moja kueleza huruma za Mungu, akifika kwenye "basi" yake kitu cha kwanza anachodai ni mwili. Mdomo wako, mikono iliyotupa sahani, masikio, muda wako saa moja jioni. Wengi tunampa Mungu hisia, tunalia kwenye ibada mpaka leso inaloa, mdomo tunarudi nao nyumbani ukiwa bado wa kwetu.

Na hapa niseme neno kuhusu hiyo "roho ya hasira". Mimi naamini Yesu anafungua watu, sibishani na hilo. Lakini Wagalatia 5:20 hasira imeandikwa kwenye orodha ya matendo ya mwili, pamoja na uadui, ugomvi, wivu na fitina, na mstari wa 24 unasema walio wa Kristo wameusulibisha mwili pamoja na tamaa zake. Mwili haukemewi ukatoka. Unasulibiwa, na Warumi 8:13 inaongeza kwamba unayafisha matendo yake kwa Roho, maana yake Roho anakupa nguvu ila wewe ndio unayafisha. Hiyo ni kazi ya kila siku na haina mayowe. Ndio maana ukiombewa inatulia siku kadhaa, kwa sababu siku hizo unakuwa makini na unajichunga, ukichoka kujichunga inarudi ilivyokuwa manake mzizi haukuguswa. Na niwe mkweli zaidi, kuna raha fulani kwenye kuamini ni pepo, ukiamini hivyo basi aliyemtukana mkeo siyo wewe.

Mzizi wenyewe ni upi? Yakobo 4:1 anauliza vita na mapigano kati yenu vyatoka wapi, anajibu vinatoka kwenye tamaa zenu. Hasira karibu siku zote inalinda kitu. Mara nyingine kitu chenyewe ni kizuri, Yesu mwenyewe aliwatazama watu kwa hasira (Marko 3:5), lakini ona aliumizwa na ugumu wa mioyo yao na hasira ile iliishia mtu aliyepooza mkono akapona. Ya kwako inaishia vyombo kupasuka, kwa hiyo inalinda kitu kingine. Nataka ufanye hivi, kila ukishafoka, ukitulia, kaa chini ujiulize nilikuwa nataka nini dakika ile ambacho sikukipata. Usikubali jibu la "nilikuwa nimechoka" au "mtoto mkaidi". Chimba. Nikikisia, kwa sababu nimekaa na wababa wengi wa aina yako, utakuta ni heshima. Kazini bosi anakusemesha vibaya huwezi kumjibu, unadaiwa na unaogopa siku ikijulikana, kanisani wanakuita mtumishi, alafu unafika nyumbani mtoto wa miaka saba hajakuitikia haraka unaona kama dunia nzima imekudharau. Mtoto analipa deni la bosi. Hapo ukiomba usiombe "Bwana niondolee hasira", omba kwa jina lake halisi, "Bwana nataka niheshimiwe kuliko ninavyotaka kuwa kama wewe, nisamehe, nifundishe kwamba kwako nimeshapokelewa". Maombi ya namna hii ni mafupi na yanauma.

Alafu kuna jambo la Waefeso 4 ambalo naona wengi tunalifanya nusu. Paulo anasema mvue utu wa kale, mfanywe wapya katika roho ya nia zenu, mvae utu mpya. Na anatoa mfano wa mwizi, mstari wa 28, mwibaji asiibe tena, bali afanye kazi kwa mikono yake apate kitu cha kumgawia mhitaji. Kumbe mwizi hajabadilika kwa sababu tu ameacha kuiba, mwizi aliyeacha kuiba anaweza kuwa ni mwizi ambaye hajapata nafasi. Amebadilika pale ile mikono iliyokuwa inachukua inapoanza kutoa. Sasa weka hasira yako kwenye huo mfano. Wewe lengo lako limekuwa kutofoka, kwa hiyo ukijitahidi sana unafika kwenye kununa, unakaa kimya siku mbili, nyumba nzima inatembea kwa vidole, na unajihesabu umeshinda kwa sababu hukutukana. Hujashinda. Mistari ya 31 na 32 inasema uchungu, ghadhabu, hasira, kelele na matukano viondoke, kisha mwe wafadhili ninyi kwa ninyi, wenye huruma, mkisameheana. Mdomo uliokuwa unatukana uanze kusema kitu kizuri kwa makusudi, kwa watu wale wale. Mwambie mkeo kitu kimoja cha kweli unachokithamini kwake, kila siku, hata kama mwanzoni atakuangalia kwa mashaka kama unataka kukopa. Kaa chini na mtoto umuulize habari za siku yake, ukae mpaka amalize, simu iwe chumbani. Utajisikia mnafiki wiki za kwanza. Sio unafiki, unafiki ni kuonyesha watu usichokitaka uwe, wewe unafanya unachotaka uwe kabla hakijawa rahisi.

Kuomba msamaha. Hapa ndio wanaume wengi tunafeli, samahani kwa kusema hivyo. Kuna msamaha wa aina mbili hauna maana, ule wa "kama nimekukosea nisamehe" na ule wa "nisamehe lakini na wewe punguza maneno". Nenda kwa mkeo siku mmetulia, taja vitu kwa majina, nilikutukana mbele ya watoto, nilivunja sahani, nilikutisha, nilikuwa nimekosea na huna kosa kwenye hilo, alafu nyamaza. Usimwambie unisamehe sasa hivi maana Biblia imesema. Anaweza akalia, anaweza akakaa kimya, anaweza akakutolea ya miaka sita yote, pokea. Na watoto pia uwaombe, mmoja mmoja. Waefeso 6:4 imeandikwa kwa akina baba, msiwachokoze watoto wenu. Baba kumuomba mtoto msamaha hakumshushi, mtoto atajifunza toba kutoka kwako vizuri kuliko atakavyoifundishwa darasani kwa picha.

Kuhusu kuvunja vitu nataka tusipite haraka. Umeandika "sijawahi kumpiga ila", kama vile hiyo ni alama nzuri. Mwanamume akipasua kitu ukutani mbele ya mke wake, mke anasikia ujumbe mmoja tu, kwamba inayofuata ni mimi. Hiyo ni kumtisha mtu, na mtu anayetishwa hayuko huru kukuambia ukweli, kwa hiyo nashukuru Mungu kwamba mkeo bado ana ujasiri wa kukuambia alichokuambia. Ukihisi umefika pale pa kuvunja, toka nje, tembea, mwambie kabisa "natoka nitulie, narudi", na urudi kweli. Na kama itatokea hata mara moja ukamnyooshea mkono, suala linahama kutoka kwenye ushauri kama huu, usalama wake na watoto unatangulia, ana haki ya kuondoka na kwenda mahali salama na kutafuta msaada popote unapopatikana, na asitokee mtu wa kanisa akamrudisha kwa kumsomea mistari ya uvumilivu.

Tena usidharau mwili wako. Eliya alipotamani kufa chini ya mretemu, malaika hakumhubiria kwanza, alimpa chakula, akalala, akampa tena (1 Wafalme 19). Kama hulali, kama presha iko juu, kama kuna huzuni ya muda mrefu ulikuwa unaizima kwa pombe na sasa haina cha kuizima, nenda kaonane na daktari au mshauri wa kitaalamu. Hiyo sio upungufu wa imani. Watu wengi walioacha pombe wanagundua baadaye kwamba kile walichokuwa wanakikimbia bado kiko pale pale kinawasubiri.

Alafu jioni tatu kwa wiki. Mimi ningekuwa mchungaji wako ningekuomba upumzike uongozi kwa muda, sio kama adhabu. 1 Timotheo 3:5 inauliza mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe atalitunzaje kanisa la Mungu, na sidhani swali hilo limewekwa pale kama pambo. Najua inauma, pale ndipo unapoitwa mtumishi, na nadhani ndio maana hasa unapahitaji kupumzika napo. Hizo jioni zipeleke nyumbani. Mweleze mchungaji wako sababu halisi, usimwambie umebanwa na kazi, tusianzishe uongo mwingine.

Tafuta pia ndugu mmoja, mwanamume aliyekomaa, asiyekuogopa na asiye na mdomo. Yakobo 5:16 inasema ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi na kuombeana mpate kuponywa, na dhambi nyingi zinaendelea kuishi kwa sababu tunaziungama kwa Mungu peke yake gizani ambako hakuna anayetufuatilia. Usiungame kwenye kikundi kizima, kikundi kinavuja. Mmoja tu. Na muweke sharti moja ambalo nimeona linasaidia kuliko yote: ana ruhusa ya kumuuliza mkeo maendeleo yako, bila wewe kuwepo. Ukiona sharti hilo linakukera basi ujue bado unachagua nani akuone.

Neno la Mungu lisome polepole. Usikimbizane na ratiba ya kumaliza Biblia mwaka huu, chukua Waefeso, sura sita tu, kaa nayo, usome sura ya 4 mpaka ya 6 tena na tena mpaka ikuharibie mazoea. Ukimaliza nenda Warumi 6 mpaka 8. Zaburi 51 iwe ya siku ukianguka.

Maana utaanguka, nisikudanganye. Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba akaondoka tena. Ukianguka usirudi kwenye "basi sikuokoka" maana hilo swali, ukiliangalia vizuri, linakuondoa kwenye kazi iliyo mbele yako, badala ya kwenda kumuomba mkeo msamaha unakaa unajichunguza wewe tena. Ungama kwa Mungu, 1 Yohana 1:9, yeye ni mwaminifu na wa haki atuondolee dhambi zetu, kisha nenda kwa uliyemkosea siku hiyo hiyo, jua lisichwe. Kipimo chako cha miezi ya kwanza kisiwe sijafoka hata mara moja. Angalia zamani ilikuchukua siku ngapi kurudi kuomba msamaha na sasa inachukua muda gani. Angalia kama watoto wameacha kukwepa ukifungua mlango, na hilo huwezi kulilazimisha wala kuliigiza, watoto hawana adabu ya kukufichia.

Kubatizwa upya, hapana, kwa sababu uliyoitaja siyo sababu. Makanisa yanatofautiana kuhusu mambo ya ubatizo na sitaki kuingilia mafundisho ya kanisa lako, ila hakuna mahali kwenye Agano Jipya ambapo muumini aliyeanguka kwenye hasira aliambiwa arudi majini. Aliambiwa atubu na atengeneze. Zakayo alisimama mwenyewe akasema nusu ya mali nawapa maskini, na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne (Luka 19:8), wakati sheria kwa mtu anayeungama kosa la namna hiyo ilidai arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Nyumba, angalia, mke na watoto kama alikuwa nao walikuwa wanasikiliza hesabu zote zikitajwa kwa sauti.

Ambalo linanileta kwenye deni lako. Umeliandika kwa mstari mmoja tu katikati ya hasira ila mimi nadhani nusu ya huo moto unatoka hapo, mtu anayeficha kitu anaishi akiwa amekaa tayari kushambuliwa. Mwambie wiki hii. Kaa naye watoto wakilala, weka karatasi mezani, andika unadaiwa kiasi gani, na nani, tangu lini, na hela zilienda wapi, yote, usibakize kadogo ka kuja kukasema baadaye maana hako kadogo kakijulikana kataua yote uliyosema. Mpe aone simu na meseji za wanaokudai akitaka. Mpangeni kwa pamoja namna ya kulipa, na kama yeye ni mzuri kwenye hesabu kuliko wewe mwachie ashike daftari. Akikasirika siku hiyo, safari hii ni zamu yake, wewe kaa usikilize.